Jinsi Turbo Inavyoongeza Nguvu ya Gari, na Kwa Nini Usizime Injini Ghafla

Ukisikia gari la dizeli likitoa sauti kama mluzi linapokanyagwa mafuta, mara nyingi hiyo ni turbo ikiwa kazini. Madereva wengi wanajua inaongeza nguvu, ila si wote wanaojua nguvu hiyo inatoka wapi.

Injini huchoma mafuta kwa msaada wa hewa. Hewa ikiwa kidogo, hata ukikanyaga vipi, mafuta hayaungui vizuri. Kwa hiyo injini ndogo ikitaka nguvu ya injini kubwa, lazima iongezewe hewa.

Hapo ndipo turbo inapoingia. Ndani yake kuna mapangaboi mawili kwenye shafti moja. La kwanza huzungushwa na moshi wa injini ambao ungepotea bure kwenye ekzosi. Likizunguka, la pili huvuta hewa safi na kuishindilia kwenye silinda. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905.

Hewa ikishindiliwa hupata joto, ndiyo maana magari mengi ya turbo yana rejeta ndogo ya kuipoza kabla haijaingia kwenye injini.

Sasa, shafti hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, huku upande mmoja ukipigwa na moshi wa moto mkali. Kinachoiokoa ni oili inayosukumwa na pampu ya injini. Ukizima gari ghafla baada ya kupanda mlima au kukimbia sana, pampu inasimama lakini joto bado lipo. Oili iliyobaki inaungua, inakuwa masizi na kuziba njia zake. Ukirudia mara nyingi, turbo inakufa.

Kinga yake ni rahisi:

- Kabla ya kuzima, acha injini iungurume dakika moja au mbili bila kukanyaga mafuta.
- Asubuhi usikanyage sana kabla injini haijapata joto.
- Badilisha oili kwa wakati, ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari.

Ukiona moshi wa bluu, mluzi umekuwa mkali kuliko kawaida au gari limekosa nguvu mlimani, muone fundi mapema. Turbo ikipasuka, vipande vyake vinaweza kuingia kwenye injini na kuiua pia.