MNAVU: MBOGA AU SUMU?



Mnavu ni mboga ya nyumba nyingi. Wakikuyu huuita managu, Wajaluo huuita osuga. Lakini ukifungua vitabu vya mimea vilivyoandikwa Ulaya, waweza kusoma kwamba Solanum nigrum, jina la Kilatini ambalo waandishi wengi wameipa mboga yetu, ni mmea wenye sumu. Je, tunawalisha watoto wetu sumu? Hapana. Tatizo kubwa limo katika majina.

Mwaka 1753 bingwa wa mimea wa Uswidi, Carl Linnaeus, alitoa jina hilo na kuweka chini yake mimea kadhaa inayofanana. Mwaka 1768 Philip Miller, mtunza bustani wa London, aliitenga baadhi yake na kuipa majina mengine. Hata hivyo, waandishi wengi waliendelea kuiita yote Solanum nigrum, kwa kuwa majani na maua yake hufanana sana. Mwaka 2018 wataalamu walioichunguza upya jamii hii katika Afrika, Ulaya, Asia na Australia walihesabu aina 19.

Mnavu tunaolima Afrika Mashariki mara nyingi ni Solanum scabrum, wenye majani mapana na matunda ya zambarau iliyokoza, au Solanum villosum, wenye matunda ya rangi ya machungwa.

Tena Ulaya kuna mmea mwingine, Atropa belladonna, wenye sumu kali inayoweza kuua. Jina lake la Kiingereza linakaribiana na lile la mnavu, hivyo watu huichanganya. Matunda yake meusi hukaa moja moja. Ya mnavu hukaa katika vichala.

Hata hivyo tahadhari inahitajika. Matunda ya mnavu yakiwa bado ya kijani huwa na solanini, sumu ile ile iliyomo katika viazi vilivyogeuka kijani. Huleta maumivu ya tumbo, kutapika na kuharisha. Kwa hiyo:

1. Pika majani vizuri, usiyale bila kupikwa. Ondoa matunda yote ya kijani kabla ya kupika.

2. Chuma mmea unaoujua, au panda mbegu za mnavu ambao jirani zako huula. Usichume porini kwa kufananisha tu.

3. Mtoto akila matunda ya kijani, au matunda usiyoyajua, mpeleke zahanati upesi pamoja na tawi la mmea huo lenye majani na matunda. Usiseme tu, "Amekula mnavu." Jina hilo ni la mimea mingi, bali tawi litamwonyesha mganga ni mmea upi.

Mungu ametujalia mboga hii njema. Tuile kwa shukrani na kwa uangalifu.