Kusafisha Sauti Bila Kuifuta: Namna ya Kusikiliza Albamu Iliyofanyiwa Masta Upya

Wengi wetu tumekutana na albamu ya zamani iliyoandikwa kwamba imefanyiwa masta upya. Maana yake nini, na inatuhusu nini sisi wa Rangwi?

Kazi ya studio hupita hatua tatu: kurekodi, kuchanganya sauti, na masta. Katika masta, fundi husawazisha besi na sauti nyembamba, hupanga ukubwa wa sauti, kisha hutoa nakala moja ambayo kopi zote zitatokana nayo. Masta ikirudiwa baada ya miaka, fundi huirudia kanda ya asili kwa vifaa bora zaidi. Haongezi ala wala hamwiti mwimbaji aimbe tena. Anatafuta kilichokuwamo tangu mwanzo.

Ugumu wa kazi hii huonekana vizuri katika muziki wa ambienti, yaani muziki wa utulivu, mara nyingi wa kielektroniki, usio na mdundo wa kuchezea. Mwaka 1978 Brian Eno wa Uingereza alitoa albamu ya Music for Airports. Katika kipande kimoja sauti za waimbaji, zisizo na maneno, zimewekwa kwenye vipande vya kanda vinavyojirudia. Kwa kuwa vipande hivyo havilingani urefu, sauti hukutana na kuachana kila mara kwa namna mpya. Kati yake kuna ukimya. Albamu hiyo imefanyiwa masta upya zaidi ya mara moja, na hatari ni ileile: fundi akivimbisha sauti hafifu zilingane na kubwa, ukimya unakufa, na muziki unakufa nao.

Kutoka karibu nasi yupo Joseph Kamaru, aliyetokea Nairobi, ajulikanaye kama KMRU. Albamu yake Peel, ya mwaka 2020, imejengwa juu ya sauti alizorekodi katika mazingira ya kawaida, akazinyoosha taratibu kwa kompyuta. Babu yake, mwenye jina hilohilo, alikuwa mwanamuziki mashuhuri wa Kikuyu, ambaye baadaye aligeukia nyimbo za Injili. Alifariki mwaka 2018. Mjukuu amekuwa akikusanya rekodi za babu na kuzitoa upya. Tunaona kazi hizo mbili zinatoka katika sikio moja: anayejua kusikiliza sauti ndogo za mtaani anajua pia kuithamini rekodi ya zamani.

Tukitaka kuipima masta mpya, tuweke ya zamani na mpya katika ukubwa uleule wa sauti, kwa maana sikio hudanganyika: kilichopazwa huonekana bora. Tutumie spika nzuri au vipokea sauti vya masikioni, simu tuiweke mbali, tusikilize kipande chote. Tujiulize: je, mwangwi wa chumba bado upo? Pumzi ya mwimbaji inasikika? Mkwaruzo wa kanda ukiondolewa kupita kiasi, pumzi huondoka pamoja nao.

Swali hilo linatugusa. Katika makabati ya parokia na ya familia zetu mna kaseti za kwaya. Utepe wake umepakwa unga wa sumaku, na katika hewa yetu ya milimani yenye unyevu huota ukungu, na unga huo hubanduka. Waimbaji wengine wameshatangulia mbele ya haki. Sauti zao zimebaki humo tu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Sacrosanctum Concilium namba 114, unataka hazina ya muziki mtakatifu itunzwe kwa uangalifu mkubwa.

Basi tuanze. Kaseti yenye ukungu tusiichezeshe. Tumpelekee fundi kwanza. Iliyo nzima tuihamishie kwenye kompyuta kupitia deki iliyosafishwa, katika faili la WAV lisilobanwa. Nakala ya kwanza tusiiguse kabisa. Usafishaji ufanyike kwenye kopi, na kidogo kidogo. Kaseti yenyewe tusiitupe, maana huenda kesho akaja fundi mwenye vifaa bora zaidi. Na tuandike majina ya waimbaji, wimbo na mwaka, wakati wazee wanaowakumbuka bado tunao.