Umeuza Nyumba, Siku Zimepita na Pesa Hazijaja: Ufanyeje?

Shangazi yangu aliuza nyumba yake ya Kisauni. Watoto washaoa na kuolewa, magoti hayataki tena ngazi, akaona ahamie nyumba ndogo ya chini huko Mtwapa. Mnunuzi akatoa arubuni ya asilimia 10, na mkataba ukasema mauzo yakamilike kwa siku 90. Kwa kuwa mkataba uliruhusu, shangazi akaichukua ile arubuni akaenda kuiweka kwenye nyumba ya Mtwapa.

Siku ya 90 ikafika, pesa hazijaja. Mnunuzi anasema benki. Benki inasema hati. Na mwenye nyumba ya Mtwapa kila jioni anapiga simu: "Mama, nikungojee mpaka lini?"

Nyumbani sote tukapandisha hasira. Mmoja akasema auziwe mtu mwingine, arubuni ile iliwe. Bahati njema tulikwenda kwanza kwa wakili wake. Faili ilipofunguliwa tukanyamaza. Cheti cha kaunti cha kuonyesha kwamba kodi ya ardhi imelipwa hakikuwemo, kwa sababu kulikuwa na deni la miaka. Aliyechelewa hakuwa mnunuzi peke yake. Hata sisi tulikuwa tumechelewa.

Hili ndilo wauzaji wengi hatulijui. Mauzo mengi ya nyumba Kenya hufuata masharti ya Chama cha Mawakili. Siku zikipita, mauzo hayavunjiki yenyewe. Upande ulio tayari humpa mwenzake notisi ya siku 21 akamilishe, na notisi ikiisha bila jambo kufanyika ndipo hatua nyingine huanza. Lakini anayetoa notisi sharti awe yeye mwenyewe yuko tayari. Ukiwa hati zako hazijatimia, notisi yako haina nguvu. Na ukimuuzia mtu mwingine, utaburutwa kortini.

Kwa hivyo kabla ya kumlaumu mtu, angalia upande wako. Je, hati miliki asili iko mkononi, au bado iko benki kwa mkopo wa zamani? Cheti cha kodi ya kaunti kiko? Kama ardhi ni ya lizi, umepata cheti cha kodi ya serikali na idhini ya kuhamisha? Kama ni nyumba ya ndoa, mume au mke ametia saini ya kukubali? Kama ni shamba la Kwale au Kilifi, Bodi ya Kudhibiti Ardhi imetoa idhini? Na kama hati bado ina jina la marehemu baba, hapo hujafika kwenye kuuza: mirathi ipite kwanza mahakamani na kila mrithi ajulikane.

Iko pia kodi ya faida ya mauzo, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Nyumba uliyoishi mwenyewe miaka 3 mfululizo kabla ya kuuza husamehewa, lakini msamaha huo lazima uuonyeshe kwa makaratasi.

Upande wa mnunuzi nao una foleni zake. Serikali hutuma mthamini, kisha mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Anayenunua kwa mkopo, benki kwa kawaida hailipi mpaka hati isajiliwe kwa jina lake. Wakili wako atapewa ahadi ya maandishi kutoka benki au kwa mawakili wake. Usikubali hati yako itoke bila ahadi hiyo.

Kuchelewa kukitokea, mwambie wakili wako aulize kwa barua: faili imekwama wapi, na kwa nani? Jibu likiwa la kweli, ongezeni muda, siku 30 au zaidi, kwa maandishi na saini za pande zote mbili. Maneno ya simu hayatoshi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetuamrisha kuandikiana, na wazee wetu wakasema mali bila daftari huisha bila habari.

Usitoe funguo kwa huruma. Mtu akishaingiza vitanda, kumtoa ni kesi. Akitaka kuingia mapema, muandikiane upangaji na alipe kodi ya nyumba.

Mikataba mingi pia huweka riba juu ya pesa zilizochelewa. Wewe uliye Muislamu, mwambie wakili akiondoe kifungu hicho kabla ya saini, na umuulize sheikh wako ni fidia gani inayofaa.

La mwisho: arubuni si pesa yako mpaka mauzo yakamilike. Ikae kwa wakili. Kosa la shangazi lilikuwa kuitegemeza nyumba ya pili juu ya pesa ya nyumba isiyomalizika.

Yeye alilipa deni la kaunti, akapata cheti, na muda ukaongezwa kwa maandishi Kisauni na Mtwapa. Sasa anaishi nyumba yake ya chini. Lakini zile wiki za kutolala zingeepukwa kama cheti kimoja kingetafutwa kabla ya mnunuzi kupigiwa simu.