Nne na Tano za Kirusi Hazikai Nyumba Moja

Mzungumzaji wa Kiingereza anayejifunza kuhesabu kwa Kirusi hudanganywa na mwanzo. Dva inafanana na two, tri na three, maana lugha hizi ni binamu wa mbali katika ukoo wa Kihindi-Kiulaya. Hata kumi na moja, odinnadtsat, ukiichambua ni "moja juu ya kumi" tu. Taabu huanza akitaka kuhesabu kitu. Rubli moja ni odin rubl. Mbili, tatu na nne huandamana na rublya. Zikifika tano huwa pyat rubley, na rubley hiyo hushika hadi ishirini, kisha ishirini na moja hurudi kwenye rubl kama vile ni moja tupu. Kiingereza hutenga umoja na wingi, basi; ndiyo maana mwanafunzi huona anachezewa. Hachezewi. Kosa lake ni kudhani kwamba namba zote ni maneno ya aina moja, wakati katika Kirusi ndogo zina tabia ya vivumishi, kubwa zina tabia ya nomino, na nyingine zimekwama njiani.

Tazama zinavyobadilika. Moja hufuata jinsia ya nomino kwa maumbo matatu: odin, odna, odno. Mbili imebaki na mawili, dva na dve. Tatu na nne hazijali jinsia kabisa. Pyat hapo kale ilikuwa nomino hasa, mithili ya "darzeni" kwetu, kwa hiyo pyat rubley ni kama kusema "utano wa rubli", na rubli zenyewe zimekaa katika umbo la umilikishi wa wingi. Milioni hadi leo ni nomino kamili. Rublya je? Kirusi cha kale kilikuwa na umbo la uwili, ambalo si umoja wala wingi. Lilipokufa, masalia yake yaling'ang'ania dva. Kwa nomino nyingi yakafanana na umilikishi wa umoja, kisha yakatambaa hadi tatu na nne. Mwanaisimu Greville Corbett, katika makala ya 1978, alionyesha kwamba mwelekeo huu si wa Kirusi peke yake: namba zikitofautiana kitabia, kubwa ndizo huelekea unomino.

Wapo watakaosema mpaka wa nne umewekwa na jicho, si na historia. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 1871 William Stanley Jevons alieleza jaribio lake la kurusha maharage ndani ya kisanduku na kukisia idadi kwa kutupa jicho: tatu na nne hakukosea, kuanzia tano akaanza kukosea. Lakini Kiswahili kinatutahadharisha. Tunasema viti vitano na viti vinane, ila viti sita, saba na tisa, kwa sababu hizo tatu zilitoka Kiarabu zikakataa viambishi vyetu. Hakuna jicho linaloona nane upesi kuliko sita. Historia ya maneno inaweza kukata popote, hata kuuvuruga mwelekeo wa Corbett, na uwili wa Kirusi ulikata baada ya nne.

Pingamizi la pili ni la kivitendo: kariri kanuni, yatosha. Kweli, kompyuta hufanya hivyo. Waandishi wa programu hukipa Kirusi maumbo matatu ya nomino, na mashine huchagua kwa kutazama baki baada ya kugawa kwa 10 na kwa 100. Ila kanuni hiyo huishia kwenye hesabu tupu. Sema "pamoja na rubli tano", s pyatyu rublyami, na ile pyat iliyokuwa bwana wa nomino sasa inapatana nayo kama kivumishi. Na anayehesabu vitu kwa sauti mjini Moscow mara nyingi haanzi hata na odin aliyokaririshwa mwanafunzi. Huanza na raz, yaani "mara".