Somo wa Bibi

Bibi yangu anaitwa Perpetua. Miaka yote nilidhani ni jina la Kizungu tu, tuliloletewa na wamisionari. Kumbe somo wake ni binti wa Afrika hii hii! Nimelijua hilo nikiwa Tunisia kimasomo.

Tarehe 7 Machi, sikukuu ya Watakatifu Perpetua na Felisita, tulikwenda kuhiji Carthage, nje kidogo ya jiji la Tunis. Usitegemee kanisa kubwa. Ni magofu ya uwanja wa michezo wa Warumi: mawe yaliyobaki na nyasi. Kwa mapokeo, hapo ndipo walipouawa mwaka 203, mbele ya watazamaji. Perpetua alikuwa na miaka kama 22, ananyonyesha. Felisita, mtumwa, alijifungua gerezani. Humo kifungoni Perpetua aliandika habari zake, na zinasomwa mpaka leo.

Sasa, kwa nini kuhiji magofu? Kwa sababu hapo hakuna pambo la kukupotezea mawazo. Unabaki na swali moja: mimi, wa umri uleule, ningesimama imara au ningekana? Sikupata jibu.

Jioni nikampigia bibi. Akauliza, “Kwa hiyo alikuwa wa huku kwetu?”

Ndiyo, bibi.