Tunakula kilicho mbele yetu: Punguza kwenye kupakua, si katikati ya mlo

Saa saba mchana kwenye banda la mama lishe, kipimo cha wali ni bakuli la plastiki. Linajazwa, linashindiliwa kwa mgongo wa kijiko, linafunikwa juu ya sahani na kunyanyuliwa. Pembeni unawekwa upawa mmoja wa maharage, mchicha kidogo na kipande cha samaki. Fundi aliyebeba zege tangu asubuhi anapata bakuli lile lile analopata karani aliyekaa kitini tangu saa mbili. Wote wawili watamaliza.

Kula kupita kiasi tumezoea kukuita ulafi, au kushindwa kujizuia. Utafiti wa lishe unaelekeza kidole kwingine: mtu mzima kwa kawaida hula kilichowekwa mbele yake, awe na njaa nyingi au kidogo.

Mwaka 2002 Barbara Rolls na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, Marekani, walichapisha jaribio la watu wazima 51 waliolishwa makaroni na jibini mchana, mara moja kwa wiki. Chakula hakikubadilika, ila wingi wake ulitoka gramu 500 hadi gramu 1,000. Siku ya kiwango kikubwa kabisa walikula nishati zaidi kwa asilimia 30 kuliko siku ya kile kidogo, wanene kwa wembamba. Walipoulizwa baada ya kula, shibe waliyoieleza ilikuwa karibu ile ile, na zaidi ya nusu hawakutambua kwamba kiasi kilikuwa kikibadilika. Haikujalisha hata kama mtu alipakuliwa au alijipakulia kutoka bakuli la mezani. Kilipokuwepo kingi, kililiwa kingi.

Kwa nini shibe huchelewa

Tumbo likiwa tupu hutoa homoni iitwayo grelini, iliyogunduliwa na wanasayansi wa Japani mwaka 1999, nayo huuarifu ubongo kuwa ni wakati wa kula. Chakula kikishuka, kuta za tumbo hutanuka na mishipa ya fahamu hupeleka habari juu. Kisha utumbo mwembamba, ukianza kupokea mafuta, protini na wanga, hutoa homoni za shibe, mojawapo ikiwa GLP-1. Shughuli hii yote huchukua takribani dakika 20. Anayemaliza sahani kwa dakika saba na kuongeza nyingine anakuwa ameongeza kabla taarifa haijafika. Ndiyo maana uzito wa tumbo humkuta mtu akiwa ameshanawa mikono.

Jambo la pili ni kwamba kutanuka kwa tumbo hufuata ujazo, hakuhesabu nishati. Gramu 100 za mchicha uliochemshwa bila mafuta zina kilokalori zisizozidi 30. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takribani 120, na hakichukui nafasi kubwa tumboni. Soda ya kola ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 hivi, sawa na vijiko vya chai saba au vinane, nayo hupita tumboni bila kuacha shibe ya maana.

Wanga rahisi, mboga ghali

Wingi wa wali na ugali kwenye sahani zetu una sababu zake. Unga na mchele ndivyo vinavyoshibisha kwa bei nafuu, na mama lishe anayepima wali mdogo atakimbiwa na wateja. Kwa mbeba mizigo wa Kariakoo bakuli lile ni haki yake, maana atalitumia lote kabla ya jua kuzama. Tatizo ni kwamba kazi zimebadilika na kipimo kimebaki. Takwimu za kitaifa za Tanzania zinaonyesha kuwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri walikuwa asilimia 18 mwaka 2004/05, wakafika asilimia 28 mwaka 2015/16. Kenya nako walitoka asilimia 25 mwaka 2008/09 hadi asilimia 33 mwaka 2014. Uzito uliozidi huongeza hatari ya kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu na maradhi ya moyo.

Kwenye sinia la shughuli mambo ni magumu zaidi, kwa sababu hakuna anayeona fungu lake, na tafiti nyingi zimeonyesha kuwa watu hula zaidi wakiwa na ndugu na marafiki kuliko wakiwa peke yao. Hata hivyo adabu ya pwani ina mpaka wake: mtu hula kilicho upande wake, hachovyi kwa mwenzake. Anza na kachumbari na nyama ya upande wako, upande wako ukiisha, umemaliza.

Vipimo visivyohitaji mizani

Chuo Kikuu cha Harvard kinashauri nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo wanga usiokobolewa, robo protini. Kwa asiyetaka kugawa sahani, wagonjwa wa kisukari nchini Zimbabwe wamefundishwa kupima kwa mikono yao wenyewe: wanga usizidi ngumi mbili, nyama au samaki ukubwa wa kiganja bila vidole, mboga kadiri mikono miwili inavyoweza kubeba, na mafuta ncha ya kidole gumba. Mwenye mwili mkubwa ana mkono mkubwa, kwa hiyo kipimo humfuata mwenyewe.

Nyumbani, pakueni jikoni na kuiacha hotpoti huko huko. Anayetaka kuongeza ainuke, na asubiri dakika chache kwanza. Anza na mboga na kitoweo, wanga ufuate: jaribio dogo la mwaka 2015 kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili lilionyesha sukari ya damu ikipanda kwa kiasi kidogo kuliko wanga ulipotangulia. Zima televisheni na uweke simu mbali. Kuhusu sahani ndogo, majaribio yametoa majibu yanayopingana, na sahani ndogo iliyojazwa mara tatu haina tofauti na kubwa. Bandani, sema mapema: "Mama, nipunguzie wali, niongezee maharage na mchicha." Ukisubiri bakuli lifunikwe, utalimaliza.

Wasiopaswa kujipunguzia wenyewe

Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, na wanaotibiwa kifua kikuu wasipunguze chakula bila ushauri. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari aongee na daktari kwanza, kwani kupunguza wanga ghafla kunaweza kuishusha sukari hadi hatari. Njaa isiyokatika ikiambatana na kiu, kukojoa mara kwa mara au kupungua uzito, ni sababu ya kwenda kupima sukari. Na anayekula kwa siri hadi kuumia, kisha akajutia kila mara, hiyo ni hali inayotibika. Amwone mhudumu wa afya kama ambavyo angemwona kwa malaria.