Hamira ya Plastiki

Ukifungua katoni ya televisheni mpya, utaikuta imekingwa kwa vipande vyeupe, vyepesi kama unyoya. Chukua kimoja ukivunje, kisha tazama pale kilipomeguka. Utaona vijipunje vya duara vilivyobanana hadi vikapata pembe, mithili ya vyumba vya sega la nyuki. Ndani ya kila punje mna vijumba vingine vingi, vidogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Takriban asilimia 98 ya ujazo wa kipande hicho ni hewa; plastiki ni kuta tu.

Hewa hiyo iliingiaje? Mwokaji wa mkate ana jibu la karibu: unga huumuka kwa sababu hamira hutoa gesi, na donge laini huizuia isitoroke. Plastiki nayo huhitaji kitu cha kuiumua. Katika makala hii nitakiita kiumushi.

Plastiki ya vipande hivi ni polistireni. Karibu na mwaka 1950, mkemia Fritz Stastny wa kampuni ya BASF, Ujerumani, alifanikiwa kuipenyeza pentani ndani ya punje zake. Pentani ni kimiminika cha jamii ya petroli, na huchemka kwenye nyuzi 36 za Selsiasi. Hadi leo punje hufika viwandani zikiwa ngumu, ndogo kama chembe za sukari, na pentani ikiwa asilimia 4 hadi 7 ya uzito wake.

Kama pentani huchemka kwa joto dogo hivyo, mbona punje haziumuki ghalani siku ya jua kali? Ni kwa sababu plastiki bado ni ngumu, na gesi haina pa kutanukia. Polistireni hulegea inapokaribia nyuzi 100. Kwa hiyo fundi huzipuliza punje kwa mvuke wa maji. Plastiki inalainika, pentani inasukuma kutoka ndani, na mvuke wenyewe unapenya kuongeza msukumo. Kwa muda mfupi, punje inaweza kufikia mara 40 ya ujazo wake wa awali.

Hapo kazi haijakwisha. Punje zikipoa, mvuke na sehemu ya pentani hurudi kuwa kimiminika, na vijumba hubaki na upungufu wa gesi. Ukizibana wakati huo, zitabonyea. Huachwa zipumzike kwa saa kadhaa, hata siku mbili, hewa ya nje ijipenyeze taratibu. Ndipo hujazwa kwenye kalibu na kupigwa mvuke kwa mara ya pili. Zikitaka kutanuka tena zinakosa nafasi, zinagandamana na kuwa kitu kimoja. Punje zilizokaa muda mrefu katika chombo kilicho wazi hupoteza pentani, na haziumuki vizuri, kama hamira iliyokwisha nguvu.

Pentani ina hatari yake. Huwaka upesi, na mvuke wake, ulio mzito kuliko hewa mara mbili na nusu, hutuama sakafuni. Kiwanda kisicho na uingizaji mzuri wa hewa kinacheza na moto. Hata hivyo, pentani haitoboi tabaka la ozoni.

Viumushi vingine vimetugharimu. Kwa miaka mingi povu gumu la kuta za majokofu liliumuliwa kwa gesi za CFC. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kuwa gesi hizo zinaharibu ozoni, na mwaka 1987 Itifaki ya Montreal ikaanza safari ya kuziondoa. Gesi za HFC zilizozirithi hazigusi ozoni, lakini nyingi hupasha dunia joto kupita kiasi. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kuzipunguza.

Kiumushi hakibaki kifungoni milele. Povu likivunjwavunjwa au kuchomwa, gesi iliyomo hutoka, na polistireni inayoungua hutoa moshi mzito mweusi unaodhuru mapafu. Kwa hiyo usichome vipande vyeupe vya katoni nyuma ya nyumba, na usipasue kuta za jokofu la zamani ili kupata chuma chakavu. Gesi ikishatoka, hakuna awezaye kuirudisha.